Kikapu cha Kufungulia Maji

Tangu mvua kubwa zianze, Mwape hakuweza kukaa kitako hata kwa muda wa kupoza chai. Alifagia ua, akafagia tena pale pale alipokwisha kufagia, akatoka mpaka barabarani kutazama kama lori linatokea upande wa depo ya samaki, kisha akarudi ndani kusogeza meza ambayo haikuwa na kosa lolote. Jirani yake Laurentine, aliyekuwa barazani kwake akichambua sombe, majani ya muhogo, alimtazama hadi akachoka.

"We mama, hiyo meza ilikufanya nini? Kaa. Unanizungusha kichwa."

"Nangojea kamio ya Kasenga."

"Kamio inakuya ikikuya. Haina masikio ya kusikia vile unatembea." Laurentine akatupa bua la sombe uani. "Ao niseme shikamoo kwanza? Bantu ba kwenu banakuita mjomba, mi nashindwa hata nikusalimie namna gani. Mjomba na matiti."

Akacheka peke yake. Mwape hakucheka, lakini hakukasirika pia, kwa kuwa maneno yalikuwa ya kweli.

Kiangazi kilichopita, mjomba wake alikuwa amefariki huko mtoni, chini kidogo ya Kasenga, mahali ambapo mabonde ya mafuriko yanakunywa maji ya Luapula. Kwao jina la mtu halizikwi pamoja naye. Ukoo wa mama uliketi, ukatafuta, ukamkuta Mwape peke yake ndiye aliyestahili, na ukampa jina la mjomba, kazi yake ya mwenye maji, pamoja na kikapu chake, kikapu kidogo cha matete kilichokuwa cheusi kwa kushikwashikwa. Tangu siku hiyo, hata wanaume wenye mvi wa ukoo ule walimwita yama, yaani mjomba. Mumewe, Liévin, alitoka Kongolo kaskazini, ambako mtoto ni wa baba na kila kitu hupitia upande wa mwanamume. Jambo lile lilimchekesha sana. "Nilioa binti ya bantu," aliwaambia wenzake wa depo, "leo naamuka, mjomba eko mu kitanda yangu."

Kuwa mwenye maji hakukuwa kuyamiliki maji. Ilikuwa kazi moja tu: kusema lini. Kila mwaka mafuriko yakifika, samaki wanaoitwa mpumbu, wanene, wenye magamba mapana, waliacha mto mkubwa na kupanda kwenye nyasi zilizofunikwa na maji ili wakatage. Majike walipita matumbo yamewajaa hadi ngozi inang'aa. Wakati huo hakuna wavu uliolowana. Watu walingoja mpaka samaki wale wateremke, matumbo yamewanywea, mayai wameyaacha salama majanini. Hapo mwenye maji alijaza kikapu unga mweupe, mtu wa damu ya mama yake akakibeba hadi bandarini na kuumwaga unga majini, na wavuvi wakaingia mitumbwini. Aliyewahi kutupa wavu kabla ya unga alichukuliwa na mamba, na mahali pale watu hupaonyesha hadi leo. Baada yake hakuna aliyejaribu.

Mjomba mwenyewe ndiye aliyeanza kuiharibu kazi. Alikuwa na rafiki, Mgiriki mwenye kiwanda cha barafu pale Kasenga, ambaye jina lake la kweli lilimshinda kila mtu, basi akaitwa Bwana Barafu. Malori yake yalileta samaki Élisabethville, mjini alikoishi Mwape, kambi za wachimba madini zikala. Lakini faida yake kubwa haikuwa nyama ya samaki. Ilikuwa mayai. Yalitiwa chumvi, yakapakiwa katika mapipa madogo ya mbao, yakapanda treni kwenda kwenye hoteli za Wazungu. Na yai likishatagwa majanini halitiwi chumvi tena. Ilibidi jike akamatwe wakati anapanda. Bwana Barafu akampa mjomba koti, mwaka mwingine akampa redio, mwaka mwingine mtumbwi wenye mashine, na kila mwaka unga ukatoka mapema zaidi. Mwaka wa mwisho nyavu zilipanda na nyasi na konokono. Watu walisema mjomba aliuawa na kikohozi. Mwape, aliyemuuguza, alimwona akiamka usiku na kusikiliza mto, na alijua kwamba kilichomuua ni kimya.

Lori lilifika adhuhuri likiwa na matope hadi madirishani. Dereva wake alikuwa Mukuka, mtoto wa mama mkubwa wa Mwape, mtu mzima mwenye sauti ya polepole. Hakuingia ndani. Alisimama chini ya ukingo wa paa, kofia mkononi.

"Yama. Maji inapanda."

"Umewaona?"

"Beko pale mulangoni ya bonde, banakusanyika. Habako wengi kama zamani. Lakini beko, na bibi-samaki beko na mayai mpaka banatembea kama bamama ba mimba." Akapangusa uso. "Bwana Barafu alishaleta mapipa. Anasema unga ipatikane hii juma."

"Hapana. Mpaka washuke."

"Nilijua utasema vile. Mi nitabeba siku utaniambia, haiko siku ataniambia." Alivaa kofia. "Lakini we njo unakaa mu nyumba yake, Yama. Haiko mimi."

Hilo ndilo lililomnyima Mwape kitako. Nyumba ile ya matofali katika mtaa wa Albert, sakafu ya saruji, dirisha la kioo, ilikuwa ya Bwana Barafu. Liévin alikuwa kapita, yaani msimamizi, wa depo yake. Alisoma kwa Mapadri, alitumaini kupewa ile karte, kadi ya watu waliosemwa kuwa wamestaarabika, na kwa ajili ya karte hiyo alikuwa amenunua meza, na uma, na vitambaa vya mezani ambavyo Mwape alikatazwa kufutia mikono. Wakaguzi wa serikali wangekuja kutazama kama wanakula kama watu. Neno moja la tajiri wake lingetosha kufunga mlango huo, na neno la pili lingewatoa nyumbani.

Jumapili, baada ya misa, Bwana Barafu alikuja mwenyewe. Alikuwa mzee mnene mwenye mikono mikubwa iliyopasuka kwa chumvi. Liévin alikuwa amevaa koti. Alimvutia kiti, akampanguzia kiti kile kile mara mbili. Mwape alisimama karibu na mlango wa jikoni.

"Mama," alisema Bwana Barafu, "mimi iko rafiki ya mjomba yako. Sasa wewe njo mjomba. Basi wewe iko rafiki yangu."

"Karibu, Bwana."

"Kaa."

"Nimesimama vizuri."

Mgiriki alicheka. Hakuwa mtu mkali. Alipenda kuzungumza, na alizungumza kama mtu aliyekaa muda mrefu kati ya mapipa bila mwenzake.

"Unajua samaki ya Yona? Ile nameza muntu?"

"Nyangumi," Liévin alisema upesi, apate kuonekana.

"Wakati mimi iko kijana, mimi natumika Durban, kule kwa bahari. Sisi napiga ile samaki. Mukubwa, kama kamio ine, nyuma ya nyingine. Mafuta yake nawasha taa, nafanya sabuni, natia kwa mashine." Akaweka kidole mezani, juu ya kitambaa. "Sasa sikia akili ya kazi. Mama yake iko na mutoto pembeni. Sisi napiga mutoto kwanza."

"Juu ya nini mutoto?" Mwape aliuliza.

"Juu mama hapana kimbia. Mutoto nakufa, mama nabaki pale. Nazunguka. Nazunguka." Kidole chake kilizunguka mezani, na kitambaa kikajikunja kikifuata. "Ile saa sisi napiga yeye. Kazi rahisi."

Mvua iligonga bati. Liévin alitikisa kichwa kwa heshima, kama mtu anayefundishwa hesabu.

"Na sasa bangali kule?" Mwape akauliza.

"Sasa? Pale karibu imekwisha. Meli naenda mbali, kule mwisho ya dunia, kwa barafu. Njo maana mimi nasema, mama, samaki iko ya muntu ya mbio. Wewe nangoja, mwingine nakula."

"Siku mulipiga ya mwisho, ya pale karibu, mulijua kama njo ya mwisho?"

Bwana Barafu alimtazama kwa mara ya kwanza, si kama mke wa kapita. Akafikiri kwa kweli.

"Nani najua?" alisema. "Hapana andikwa kwa mugongo yake."

Kisha akasimama, akagonga ukuta kwa kiganja kama mtu anayempigapiga ng'ombe wake. "Nyumba muzuri. Simiti safi. Unga hii juma, mama." Akatoka mvuani bila kukimbia.

Liévin alifunga mlango. Alikinyoosha kitambaa cha meza kwa makini, na alipokwisha kukinyoosha akakikunja.

"Unauliza Muzungu maulizo kama juge mu kesi," alisema.

"Alijibu."

"Mwape. Sikiliza na akili. Bantu ba kambi banakula nini? Samaki ya Kasenga. Ndugu yangu Rigobert iko kule chini ya udongo, anachimba madini, anatoka na njaa, anakula nini? Samaki. Na ng'ambo ya mto, kwa Waingereza, hauone banatega? We unafunga mulango yako, jirani anapitia dirisha."

"Ng'ambo hakuna bonde la kutagia. Mlango ni wetu, Liévin, wote wanapita kwetu. Njo maana anakuja kukaa kwa kiti yako, haendi ng'ambo."

"Mwaka moja tu. Mwaka kesho utafunga."

"Mjomba alisema vile kila mwaka."

"Mjomba, mjomba. Na mimi? Mi niko nani?" Hakupaza sauti, kwa kuwa ukuta wa Laurentine ulikuwa mwembamba. "Nimefunga tai hii miaka yote, nikasema ndiyo Bwana, ndiyo Bwana, ili batoto tukipata basizaliwe mu nyumba ya udongo. We na kikapu yako ya nyasi, utaniangusha mu siku moja."

Mwape alikuwa na jibu la kweli tu, na alijua kwamba la kweli halimpi mume nyumba. Alitoka nje, akazunguka ua katika mvua, akarudi, akatoka tena. Kila alipogeuka alikiona kile kidole kikizunguka juu ya meza.

Bwana Barafu hakungoja. Alimwita Mukuka depo, akamwambia aende kwa mwenye maji, achukue unga, aupeleke. Mukuka alijibu kwamba hajatumwa. Akaambiwa atumwe sasa. Akajibu kwamba yeye si kibuyu cha kujazwa na kila mtu. Jioni ile ile alinyang'anywa lori la Kasenga, akapewa kazi ya kusomba kuni kwenda Kipushi.

"Basi hakuna wa kubeba," Laurentine alimwambia Mwape kwa furaha. "Mungu alikusaidia. Kaa sasa, nakuomba."

Lakini asubuhi iliyofuata Mwape alipokuwa jikoni akikoroga uji, Liévin alitoka chumbani amevaa koti lake la Jumapili. Mkononi alikuwa na kile kikapu. Alikuwa amekijaza unga wa mahindi wa posho, akausawazisha juu kwa kisu cha mezani.

"Kama hauna mutu wa kutuma," alisema, "mi niko."

Mwiko ulisimama sufuriani.

"We ni bwana yangu, Liévin. Hauko damu ya mama."

"Mi ni bwana yako, njo hivi. Kitu ya bibi ni kitu ya bwana. Kwetu hata shamba ya bibi, bwana njo anaonyesha mupaka. Sikuibe. Nakuonyesha kwa macho: nabeba kikapu ya nyumba yangu."

Alisema kweli kabisa, kwa ukweli wa Kongolo. Na kwa ukweli wa Kongolo hakuwa na njia ya kujua alichokishika.

Kwani huko mtoni, wakati wa msiba, ni wakwe wanaobeba. Wenye damu hukaa chini na kulia; wakwe huchimba kaburi, huteka maji, hupasua kuni, na mwisho hubeba vitu vya marehemu. Kikapu cha mwenye maji kikionekana mkononi mwa mkwe, hakuna anayeuliza. Maana yake ni moja: mwenye maji amekufa. Nyavu zitakunjwa, mitumbwi itapinduliwa, na maji yatafungwa mpaka mafuriko yote yatoke mabondeni. Jina litapewa mwingine. Na yule aliyekwisha kuliliwa hapewi tena jina lake hata akija mzima kwa miguu yake. Hakanyagi tena bandari ile, kwa kuwa watu hawawezi kumlilia mtu na kumsalimia.

Neno moja lingetosha kumzuia. Mwape alifungua kinywa. Mbele yake alikuwa mumewe, mtu mwema kwa kadiri alivyopewa nafasi ya kuwa mwema, ambaye angesafiri siku nzima katika matope akidhani anaokoa nyumba, na angefika akaivunja kwa mikono yake mwenyewe. Honi ya lori ilisikika kutoka depo.

"Uji yako," Mwape alisema.

"Nitakula njiani."

Akaenda. Mwape alibaki jikoni. Alitoka, akarudi kufunika sufuria, akatoka tena, na safari hii hakurudi. Alimfuata peku katika matope mekundu, akamkuta depo akiwa tayari ameweka mguu kwenye ngazi ya lori. Ndani, kando ya dereva mpya, Bwana Barafu alikuwa amekaa, nyuma yake mapipa yamefungwa kwa kamba.

"Ah, mama," alisema Mgiriki, "wewe nakuja kubariki. Muzuri."

"Liévin," Mwape akaita.

Liévin aligeuka. Usoni mwake kulikuwa na woga, na chini ya woga kulikuwa na kitu kama ombi. Angemwambia sasa, angeteremka. Bwana Barafu angemtafuta mtu yeyote wa ukoo wa Mwape, mlevi, mwenye deni, mwenye njaa, na angempata, na unga ungemwagwa na mtu wa damu. Majike wale wachache wangekutana na nyavu mlangoni.

"Shika na mikono mibili," alisema. "Usiweke chini. Na usisemeseme. Mwenye kubeba hasemi mpaka afike kwa maji."

Liévin alishusha pumzi. "Aksanti," akasema kwa sauti ndogo, na hilo ndilo neno lililomchoma Mwape kuliko yote yaliyofuata.

Siku zile za kungoja alifua vitu visivyokuwa na uchafu. Laurentine, ambaye hakuna kilichompita, alikuja na sahani ya bukari, yaani ugali, akaketi bila kualikwa.

"Hauli. Haulale. Nani alikufa?"

"Mimi."

Laurentine akamtazama vizuri. Mwape akamweleza yote, kwa maneno machache, akisimama na kukaa, akisimama na kukaa. Jirani hakucheka.

"Na ulimwacha aende na koti ya misa," alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Mungu wangu. Mi niko na ulimi mubaya, kila mutu anajua. Lakini we, mama, we uko na moyo ya kuogopesha."

Liévin alirudi mchana, kwa miguu kutoka njia panda alikoachwa na lori la watu wengine. Koti lilikuwa la tope. Uso na nywele zilikuwa za kijivu kwa majivu ambayo mvua ilikuwa imeyachora mistari. Alikaa juu ya kizingiti, hakuingia.

"Tulifika," alisema. Alikuwa akizungumza na ua. "Nilishuka na kikapu, mikono mibili, kama ulisema. Mama moja alikuwa anaosha sahani. Aliniona. Akaangusha sahani, akapiga kelele. Mwingine, mwingine, bote. Mi nilizani ni vigelegele. Bwana Barafu pia, alipiga mikono. Mi nilicheka nabo, Mwape. Niliinamisha kichwa kama muntu ya heshima."

Mwape alisimama nyuma yake, hakusogea.

"Kiisha banaume bakatoa kofia. Bakaanza kukunja nyavu. Nyavu yote, hata ile mpya. Bakapindua mitumbwi. Nikasema, hapana, Mwape ni muzima, nilimuacha anapika uji. Muzee moja akanishika mabega, akaniambia: baba, kila mufiwa anasema vile." Akajipangusa uso, majivu yakatoka, machozi yakaweka mengine. "Balinipaka majivu. Balinikalisha chini. Bamama bakanishika kichwa banalia. Na mi nikalia. Nilijua uko muzima, na nililia mpaka sauti ikaisha."

"Na Bwana Barafu?"

"Alitoa tumbako, akatoa nguo, akatoa hata redio yake mwenyewe. Hakuna mutu alimutazama. Akanyanganya kikapu, akamwaga unga mu maji na mukono yake. Bata bakaikula." Kisha akageuka, na kwa mara ya kwanza akamtazama mkewe machoni. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu jikoni?"

"Tangu jikoni."

Aliinuka. Mwape alidhani atampiga, na asingemzuia. Liévin aliingia ndani, akavua koti, akalitundika msumarini kana kwamba kesho ni Jumapili, akaanza kutoa vitu nje kabla watu wa depo hawajaja kuvitoa.

Walihamia nyumba ya udongo ng'ambo ya mto Lubumbashi, yenye mlango mmoja na paa la madebe. Liévin alipata kazi kwa fundi seremala, kupiga randa mbao kutwa nzima, naye aliyekuwa kapita akawa anaitwa "we wa Kongolo". Karte haikutajwa tena. Meza ilikuja nao. Ilijaza nusu ya nyumba, na wakaila bukari yao juu yake kwa mikono. Liévin hakumfukuza mkewe. Hakumtukana. Alisema maneno ya lazima, chumvi, maji, mvua, na yaliyobaki aliyafungia. Mwape aliona heri matusi. Kimya kile kilimtoa nje kila alfajiri, akatembea kando ya mto hadi nguo zikalowa magotini, akitazama maji madogo ya mji, yasiyokuwa na samaki wa kuitwa samaki.

Mvua zilipokuwa zinaaga, Mukuka alifika. Kuni za Kipushi zilikuwa zimemchosha, alikuwa amekwenda nyumbani mtoni na sasa amerudi. Alipiga hodi, akaingia akiinama, akaketi. Hakumwita Yama. Alitafuta neno, akalipata.

"Mama Germaine," alisema, kwa jina lake la ubatizo.

Mwape alilipokea kama mtu anayepokea mzigo aliouagiza mwenyewe. "Sema."

"Balipanda bote. Nilitembea mu bonde na mutumbwi, nilishindwa kupita. Majani imejaa mayai, kila jani, kama mutu alimwaga mutama. Bazee banasema habakuona vile tangu mbele ya vita. Na sasa beko banashuka, bembamba, banaruka." Akafungua mikono kuonyesha, akaifunga. "Maji ingali imefungwa, bantu banakula sombe. Kidogo, lakini banakula."

Mwape alikuwa amesimama. Alitaka kuuliza maji yalikuwa na rangi gani, ndege gani walikuja, watoto walikimbia upande upi, na kila swali lilikuwa la mtu ambaye hataona. Akauliza lile la lazima.

"Jina nani alipewa?"

"Chanda. Mutoto wa mudogo yako."

"Chanda ni msichana bado."

"Njo hivi. Na Bwana Barafu alishamupelekea kitambaa. Kizuri, ya maua. Anamuita rafiki yangu."

Mwape akaenda mlangoni, akarudi. Nyumba ilikuwa ndogo mno kwa kuzunguka. Aligonga meza kwa nyonga. Liévin alikuwa kitandani nyuma ya pazia, amelala au anajifanya amelala, kwa kuwa siku hiyo fundi hakuwa na mbao.

"Umwambie," Mwape alisema. "Umwambie asisikilize neno la mwanamume yeyote kwamba samaki wameshuka. Aende mwenyewe mlangoni, akamate jike, amguse tumbo kwa mkono wake. Likiwa limenywea, ajaze unga. Likiwa na kitu hata kidogo, angoje. Na kitambaa akivae tu. Kitambaa si neno. Mjomba alidhani akipokea ni lazima alipe. Umwambie hivyo."

Mukuka alikuna kidevu, akatazama sakafu ya udongo.

"Nitasema inatoka kwa nani? Pale bandarini ulishakufa. Nikisema ni we, ataogopa, bazee bataniuliza kama nasema na mizimu. Nikisema ni mimi, atacheka. Mi ni dereva ya kuni."

Mwape hakuwa amelifikiria hilo. Alikuwa amefikiria kila kitu, isipokuwa kwamba marehemu hana mdomo. Alisimama katikati ya nyumba, mikono inatafuta kitu cha kushika.

Nyuma ya pazia kitanda kililia. Liévin alikohoa.

"Sema inatoka kwangu," alisema.

Mukuka aligeukia pazia.

"Kule bananijua. Balinipaka majivu." Sauti yake ilikuwa kavu kwa kutotumika. "Sema mufiwa wa Yama anamusalimia Chanda. Sema bibi yake alimuachia maneno, na yeye hataki kufa nayo. Mufiwa haulizwe maneno ilitoka wapi."

Mukuka alimtazama Mwape, Mwape akalitazama pazia.

"Na kama bananiuliza mufiwa anakaa namna gani?" Mukuka akasema polepole. "Bamama ba kule batauliza. Balikuhurumia sana, shemeki."

"Waambie anakaa vibaya," Liévin alisema. "Waambie anapiga randa, na bibi mwingine hajapata." Kitanda kikalia tena. "Rudilia ile ya tumbo, nisikie kama umeshika vizuri. Mukono wa nani unagusa?"

"Wa Chanda mwenyewe."

"Na tumbo ikiwa na kitu kidogo?"

"Anangoja."

"Ah," alisema Liévin. "Sasa ya kitambaa."